Waliokimbiwa: rangi na ubingwa wa ngumi, kutoka Sullivan hadi Turpin

Ndugu mwenyekiti, makocha, wazee wetu mliopanda ulingoni kabla baadhi yetu hatujazaliwa, vijana wa klabu, wazazi mliokuja kuwasikiliza watoto wenu wakitajwa: shikamooni wazee, na wengine habari za jioni.

Mmeniomba nizungumzie ubingwa wa dunia na ubaguzi wa rangi, hasa miaka ile ya mwanzo wa karne ya ishirini. Najua wengi mnamsubiri Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Nitamfikia, maana hakwepeki. Lakini hasa nimekuja kuwasemea wengine, wale ambao mabingwa waliwakimbia. Johnson ana jina kwenye orodha ya mabingwa. Wao hawamo. Kijana akichukua orodha ya mabingwa wa uzito wa juu kuanzia 1882 hadi 1937 akaamini kwamba anasoma majina ya mabondia bora wa miaka hiyo, atakuwa amedanganywa, na mimi sitaki mdanganywe.

Kwanza tuelewe ubingwa ulivyokuwa ukiendeshwa. Leo tuna mashirika, tuna viwango, bingwa anapewa muda wa kupigana na mpinzani wa kwanza, akikataa ananyang'anywa mkanda. Wakati ule Marekani haikuwa hivyo. Ubingwa ulikuwa mali ya aliyeushika. Yeye na meneja wake ndio waliochagua nani apigane naye, wapi, kwa kitita gani. Kwa hiyo haikuhitajika sheria ya kumzuia mtu mweusi. Ilitosha bingwa aseme sitaki, magazeti yamwelewe, mapromota wacheke naye, basi. Mlango umefungwa na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko.

Aliyeufunga wa kwanza kwa sauti kubwa alikuwa John L. Sullivan. Aliutwaa ubingwa mwaka 1882 kwa kumpiga Paddy Ryan kule Mississippi. Sullivan alikuwa kipenzi cha Marekani nzima, na alitangaza hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba yuko tayari kupigana na yeyote ila mtu mweusi. Wakati akisema hayo, Peter Jackson yupo. Jackson alizaliwa mwaka 1861 kisiwa cha St. Croix, huko Karibi, akakulia Australia, akawa bingwa wa Australia mwaka 1886, kisha akavuka bahari kwenda Marekani kumtafuta Sullivan. Hakumpata. Aliyekubali kupigana naye ni kijana wa San Francisco, James Corbett. Mei 21, 1891 walipigana raundi 61. Sijakosea, raundi sitini na moja, mpaka wote wawili hawana nguvu ya kurusha ngumi na mwamuzi akalisimamisha pambano bila mshindi.

Mwaka uliofuata Corbett huyohuyo akampiga Sullivan kule New Orleans na kuwa bingwa wa dunia. Mtu aliyeshindwa kumpiga Jackson kwa raundi 61 sasa ameshika ubingwa. Haki ingekuwa nini? Lakini Corbett akiwa bingwa hakupigana na Jackson tena. Jackson alisubiri, akazeeka kimichezo, akaishia kwenye maonyesho ya jukwaani, akarudi Australia na kifua kikuu kikamuua mwaka 1901. Amezikwa Brisbane. Kwangu mimi yeye ndiye bingwa wa kwanza tuliyenyang'anywa.

Sasa kijana mmoja hapa ataniuliza: mbona walikuwepo mabingwa weusi kabla ya Johnson? Ni kweli, na jambo hili linatufundisha sana. George Dixon, mtoto wa Africville, mtaa wa watu weusi katika mji wa Halifax, Kanada, alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa bantam mwaka 1890, na baadaye akatwaa uzito wa unyoya. Joe Walcott, aliyekulia Barbados, alitwaa uzito wa welta mwaka 1901. Joe Gans wa Baltimore alimpiga Frank Erne katika raundi ya kwanza mwaka 1902 na kuwa bingwa wa uzito mwepesi. Mlango wa uzito mdogo uliachwa wazi kidogo, ule wa uzito wa juu ukapigwa kufuli. Kwa nini? Kwa sababu bingwa wa uzito wa juu alichukuliwa kuwa mwanamume mwenye nguvu kuliko wote duniani, na jamii iliyojengwa juu ya dhana kwamba mweupe ndiye bora haikuweza kuvumilia jibu lingine juu ya swali hilo.

Na hata huo mlango ulioachwa wazi ulikuwa na masharti. Septemba 6, 1892, usiku mmoja kabla ya Corbett kumpiga Sullivan, na katika ukumbi uleule wa Olympic Club huko New Orleans, Dixon alimpiga mzungu Jack Skelly kwa KO, yaani alimwangusha asiweze kuinuka kwa wakati, raundi ya nane. Watu weusi walikuwa wametengewa viti vyao, wakashangilia. Kelele zilizopigwa na wazungu wa mji baada ya hapo zilikuwa kubwa kiasi kwamba klabu ile ikaacha kuwakutanisha weusi na weupe. Mnaona mambo yanavyokwenda: hakuna aliyesema Dixon alidanganya, hakuna aliyesema alipiga chini ya mkanda. Kosa lake ni kushinda mbele ya watu.

Joe Gans naye, Septemba 3, 1906, alipigana raundi 42 na Battling Nelson huko Goldfield, jangwani Nevada, akashinda baada ya Nelson kumpiga ngumi haramu. Bingwa ni Gans, lakini kitita kikubwa alichukua Nelson, mpinzani. Mkisikia watu wakisema mchezo wa ngumi ni biashara tu, kumbukeni pambano hilo.

Haya, Johnson.

Alizaliwa Galveston, Texas, Machi 31, 1878, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Mwaka 1901 bondia mzoefu, Joe Choynski, alimpiga KO katika raundi ya tatu palepale Galveston, kisha polisi wakawakamata wote wawili kwa sababu ngumi za kulipwa zilikuwa haramu Texas. Waliwekwa selo moja kwa wiki kadhaa, na Choynski, Myahudi aliyekuwa anajua nini maana ya kutengwa, akamfundisha mle ndani. Nawaambia makocha: sehemu ya mtindo wa ulinzi ambao dunia ilikuja kuushangaa ulinolewa jela.

Mwaka 1903 Johnson akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa watu weusi. Ndiyo, ulikuwepo ubingwa wa namna hiyo, ubingwa wa pembeni, kwa waliofungiwa ule mkubwa. James Jeffries, bingwa wa dunia wakati huo, alikataa kabisa kupigana naye. Na hapa msije mkaambiwa kwamba Jeffries alikuwa hapigani na weusi kamwe. Alipigana nao akiwa anapanda. Hata Peter Jackson alipigana naye mwaka 1898, Jackson akiwa amekwisha. Ni alipokuwa bingwa ndipo rangi ikawa sababu. Mwaka 1905 akastaafu bila kushindwa, akaenda kulima.

Ubingwa ukapita kwa Marvin Hart, ukafika kwa Tommy Burns wa Kanada. Johnson akamfuata Burns Uingereza, akamfuata mpaka Australia, akimsema magazetini kila alipokanyaga. Burns hakukataa moja kwa moja, alitaja bei. Alitaka dola 30,000, na aliamini hakuna atakayelipa. Promota Hugh McIntosh akalipa. Johnson alipata kama dola 5,000, na alikubali, maana alichokuwa anakitafuta hakikuwa dola siku ile. Desemba 26, 1908, Sydney, Johnson alimchezea Burns raundi 14, akimsemesha na kumcheka, hadi polisi wakaingia kusimamisha pambano. Kamera zikazimwa kabla ya mwisho, ili picha ya mzungu akianguka isionekane.

Kuanzia siku hiyo mwandishi Jack London na wenzake wakaanza kumwita Jeffries atoke shambani arudi kuutetea uzungu. Neno hilo si langu la kukuza, ndivyo walivyoliweka. Walimsihi mpaka akakubali. Promota Tex Rickard akaweka kitita cha dola 101,000. Gavana wa California akalifukuza pambano San Francisco, likahamia Reno, Nevada, Julai 4, 1910, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Jeffries alikuwa amekaa zaidi ya miaka mitano bila kupigana, amelazimika kupunguza uzito mwingi. Johnson alimwangusha katika raundi ya 15, mtu ambaye hakuwahi kuangushwa maishani, na watu wa kona yake wakaingia kumwokoa.

Usiku huo, katika miji mingi ya Marekani, wazungu waliwavamia watu weusi mitaani, kwenye tramu, kwenye vitongoji vyao, kwa sababu tu walifurahi au walidhaniwa kufurahi. Watu waliuawa, wengi wao weusi. Na serikali zilifanya nini? Zilipiga marufuku filamu ya pambano. Miji na majimbo ya Marekani yaliizuia, Afrika Kusini iliizuia, na mwaka 1912 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo hadi jimbo. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1940. Fikirini ukubwa wa woga huo: bunge zima linakaa kutunga sheria kwa sababu ya mtu mmoja ulingoni.

Sitakaa sana kwenye kesi yake. Mwaka 1913 baraza la wazungu watupu lilimtia hatiani kwa sheria ya kusafirisha wanawake kwa uasherati, iliyotungwa dhidi ya biashara ya ukahaba na ikageuzwa kumwadhibu mtu mweusi aliyependana na wanawake weupe. Alihukumiwa mwaka mmoja na siku moja, akatorokea Ulaya, akapoteza ubingwa kwa Jess Willard mjini Havana Aprili 5, 1915, katika raundi ya 26, akajisalimisha mwaka 1920 na kutumikia kifungo. Msamaha wa rais ulikuja mwaka 2018, miaka 72 baada ya kifo chake.

Ninachotaka tukitazame bila kumwonea haya ni hiki: Johnson akiwa bingwa, naye aliwakimbia weusi wenzake. Sam Langford, Joe Jeannette, Sam McVey, watatu hawa walikuwa wapinzani wake wa haki, na wote alikuwa amepigana nao kabla hajawa bingwa. Baada ya 1908 hakumpa hata mmoja wao nafasi. Pambano moja tu la ubingwa alipigana na mtu mweusi, Battling Jim Johnson, Paris, Desemba 1913, na likaisha sare. Sababu yake ilikuwa fedha: wazungu walilipa kumwona mzungu akijaribu kumpiga, hawakulipa kiasi hicho kuwaona weusi wawili. Naielewa sababu hiyo. Siikubali. Aliyelilia mlango miaka sita, alipoingia akaufunga kwa ndani, na waliobaki nje walikuwa watu aliowajua kwa majina.

Huyo Langford ndiye ningependa kila kijana hapa amjue. Alizaliwa Weymouth Falls, Nova Scotia, Kanada. Alikuwa mfupi, kama futi tano na inchi saba, mabega mapana, mikono mirefu. Mwaka 1903, akiwa bado kijana mdogo, alimpiga Joe Gans, bingwa wa uzito mwepesi, katika pambano lisilo la ubingwa. Akapanda uzito mmoja hadi mwingine mpaka akawa anawaangusha watu wa uzito wa juu waliomzidi kilo nyingi. Mtu wa kupiga kuanzia wepesi hadi wa juu! Na hakuwahi kushika ubingwa wa dunia wa uzito wowote. Mabingwa weupe walimkwepa, Johnson alimkwepa, kwa hiyo alibaki kupigana na waliofungiwa kama yeye, walewale, tena na tena. Na Harry Wills peke yake alipigana zaidi ya mara 15. Jeannette na McVey nao walipigana Paris, Aprili 1909, raundi 49, McVey akashindwa kuinuka kwenye kiti kwa ya 50, na Jeannette aliyekuwa ameangushwa mara nyingi ndiye akabaki amesimama. Pambano hilo halimo kwenye orodha yoyote ya ubingwa mkubwa wa dunia.

Makocha, ninyi mnajua maana yake. Mwili wa bondia ni kama debe la mafuta. Kila pambano linachota. Bingwa mweupe alichota mara moja au mbili kwa mwaka, kwa fedha nyingi. Langford alichota kila wiki chache, kwa fedha kidogo, dhidi ya watu wagumu kuliko wote waliokuwepo. Mwaka 1917 jicho moja liliharibika akipigana na Fred Fulton. Aliendelea. Jicho la pili likafuata. Alipigana miaka mingine akiwa anaona ukungu tu, akimtafuta mpinzani kwa kumkaribia na kumgusa. Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti la New York, Al Laney, alimtafuta na kumkuta Harlem katika chumba cha kupanga, kipofu, maskini. Makala yake iliwagusa wasomaji, zikachangwa zaidi ya dola 10,000 za kumtunza. Alifariki mwaka 1956. Fedha zile zilitoka kwa watu wa kawaida. Wale waliotajirika kwa kumkwepa hawakudaiwa chochote.

Willard alipotwaa ubingwa alitangaza kwamba hatapigana na mtu mweusi. Jack Dempsey akamnyang'anya mwaka 1919, na mpinzani wa kwanza wa Dempsey, kwa hesabu yoyote ya haki, alikuwa Harry Wills wa New Orleans. Wills alisubiri miaka saba. Kamisheni ya ngumi ya New York ilisema Dempsey lazima apigane na Wills. Mwaka 1925 mkataba ulisainiwa, Wills akalipwa dola 50,000 za awali, lakini fedha za Dempsey hazikupatikana na pambano likafa. Dempsey alipotaka kupigana na Gene Tunney mwaka 1926, pambano lilipelekwa Philadelphia, nje ya mamlaka ya New York. Tex Rickard, promota mkubwa, alikuwa ameiona Reno kwa macho yake na hakutaka kuiona tena. Nimeulizwa mara nyingi kama Wills angemshinda Dempsey. Mimi nadhani angempa usiku mgumu, lakini yeyote anayejibu kwa uhakika anakisia, na kukisia huko ndiko walikotuachia.

Tangu Havana 1915, hakuna mtu mweusi aliyepewa pambano la ubingwa wa uzito wa juu mpaka Juni 22, 1937, Joe Louis alipompiga James Braddock raundi ya nane mjini Chicago. Miaka 22. Na kilichoufungua mlango? Biashara, kwa mara nyingine. Meneja wa Braddock alipata ahadi ya asilimia 10 ya faida ya promota Mike Jacobs kwenye ubingwa wa uzito wa juu kwa miaka kumi. Upande wa Louis, mameneja wake, wote weusi, walimpa masharti makali: asipigwe picha na mwanamke mzungu, asicheke juu ya mzungu aliyeanguka, asijisifu. Kijana wa miaka ishirini na kitu akabebeshwa adhabu iliyokuwa ya Johnson.

Kabla sijaketi, Uingereza. Nimesema Marekani haikuhitaji kuandika kitu. Uingereza iliandika. Mwaka 1911 Winston Churchill, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alizuia pambano la Johnson na Billy Wells jijini London. Mwaka 1922 Battling Siki, mzaliwa wa Saint-Louis, Senegal, alimpiga Georges Carpentier mjini Paris akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kuwa bingwa wa dunia, na serikali ya Uingereza ikamkatalia kuja kupigana London. Kwa nini? Mtawala wa makoloni hakutaka watawaliwa wasikie habari ya namna hiyo. Na bodi ya ngumi ya Uingereza ilikuwa na kanuni kwamba anayegombea ubingwa wa nchi awe amezaliwa na wazazi weupe.

Kanuni hiyo ilimkuta Len Johnson wa Manchester. Baba yake alitoka Sierra Leone, mama yake alikuwa mzungu. Uzito wa kati, fundi wa kweli, aliwapiga mabingwa wa Uingereza katika mapambano yasiyo ya ubingwa, kwa sababu hayo ndiyo pekee aliyoruhusiwa. Aliacha ngumi mwaka 1933 bila kupewa nafasi. Hakunyamaza lakini. Oktoba 1945, Mkutano wa Tano wa Waafrika ulipofanyika mjini kwake Manchester, mkutano uleule aliouhudhuria Jomo Kenyatta pamoja na Kwame Nkrumah, Len Johnson alikuwa mmoja wa wajumbe. Bondia aliyenyimwa ulingo alikaa chumba kimoja na watu waliokuwa wanapanga uhuru wa nchi zetu.

Kanuni ile ilifutwa mwaka 1948. Juni 28 mwaka huo, katika uwanja wa mpira wa Villa Park, Birmingham, Dick Turpin, mtoto wa baba kutoka Guiana, alimpiga Vince Hawkins kwa pointi na kuwa bingwa wa kwanza mweusi wa Uingereza tangu kanuni hiyo iwekwe. Uzito wa kati, uzito uleule wa Len Johnson, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 45.

Asanteni. Mwenyekiti, nimeona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Nadhani wa kwanza ni yule kijana mwenye swali juu ya Langford.